Kuchangisha pesa za operesheni Lubumbashi: njia zipi zinafika kese, zipi zinavuja njiani

Apendisiti iliyopasuka, utumbo uliotobolewa na tifoidi, henia iliyobanwa, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi: magonjwa haya hayangoji mshahara. Mgonjwa anaingizwa usiku wa manane, na kabla hakujapambazuka familia imeshaombwa kosyo ya kwanza (malipo ya dhamana), tena na orodha ya vitu vya kununua famasi. Hapo ndipo simu zinaanza kupigwa, mitaa ya mji kama Kenya, Katuba na Ruashi, hadi Kolwezi na Brussels.

Tumezipima njia ambazo watu wa Lubumbashi wanazitumia kupata pesa hiyo: pesa za simu, Western Union na wenzake, majukwaa ya kuchangisha ya ng'ambo, mutuelle (chama cha kuchangiana gharama za matibabu), mwajiri, hospitali yenyewe, na Banque Lambert (wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa). Maswali ni matatu. Pesa inafika kese ya hospitali (dirisha la malipo) baada ya muda gani? Kiasi gani kinabaki njiani? Na mgonjwa akitoka, anatoka na mzigo gani mgongoni?

Kwa kifupi, pesa za simu ndizo za kwanza, lakini zikishikwa na mtu mmoja aliyejulikana na zikiwa na karatasi nyuma yake. Zikikosa hivyo viwili, ni njia ya haraka ya kuchosha ukoo mzima na faktire (ankara ya hospitali) ikabaki palepale.

Karatasi kwanza

Msiombe senti kabla ya kupata proforma ya hospitali, yaani karatasi ya makadirio ya gharama. Maneno ya "wanaomba kama dola mia tano hivi" hayamfungui mtu mfuko. Proforma yenye muhuri inamfungua, hata awe mjomba mgumu. Iombeni kwenye kese au kwa katibu wa huduma ya upasuaji, na isomeni mstari kwa mstari. Inatakiwa ionyeshe upasuaji wenyewe, usingizi, chumba kwa siku, vipimo, na dawa zilizotoka famasi ya hospitali.

Kisichoandikwa humo ndicho kinachoumiza. Hospitali nyingi zinawapa familia karatasi ya dawa pembeni: seramu (Ringer, chumvi, glukosi), ceftriaxone na metronidazole za sindano, nyuzi za kushonea, glavu za upasuaji, sonda ya mkojo, kompresi, plasta. Hivyo vinanunuliwa nje, vinalipwa papo hapo, na haviingii kwenye faktire. Tunzeni kila risiti ya famasi kwenye bahasha moja. Mutuelle au mwajiri akija baadaye kurudisha pesa, bila risiti hatarudisha chochote.

Halafu kuna kosa ambalo karibu kila familia inalirudia: kuomba pesa ya kisu peke yake. Kisu ni mwanzo. Mtu aliyefunguliwa tumbo kwa apendisiti ya kawaida anahitaji wiki mbili hadi nne kabla ya kurudi kwenye kazi nyepesi. Aliyefunguliwa tumbo lote kwa ajili ya usaha au tifoidi anaweza kufika wiki sita hadi nane, na kubeba ndoo ya maji au gunia la makaa ni marufuku kipindi hicho chote. Nyuzi zinatolewa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Kidonda kinasafishwa kila baada ya siku mbili tatu, na kila mara kuna kompresi, dawa ya kusafishia na nauli, tena nauli ya taksi, kwa maana mototaksi kwenye mashimo ya Katuba haimfai mtu mwenye mshono. Mwenye kuuza sokoni haingizi kitu wakati huo, na kodi ya nyumba haijui kama mpangaji yuko kitandani.

Kwa hiyo hesabu iwe na sehemu mbili tangu siku ya kwanza. Tuseme faktire ni dola 430. Wekeni pembeni makadirio ya mwezi wa kupona: usafishaji wa kidonda mara kumi, dawa, nauli, chakula cha mgonjwa na cha gardemalade (ndugu anayemhudumia wodini), kodi. Hata mkipata dola 120 au 150, iandikeni, mseme wazi kwamba mwito wa kwanza ni wa kese na wa pili utakuja akitoka. Watu wanakubali miito miwili. Kuanzia wa tatu wanaanza kuzima simu.

M-Pesa, Airtel Money, Orange Money: alama 4 kati ya 5

Mitandao yote mitatu inafanya kazi ile ile kwa mchangishaji: M-Pesa kwa *1122#, Airtel Money kwa *501#, Orange Money kwa *144#. Akaunti ina pande mbili, dola na faranga, na hilo ni jambo kubwa, maana faktire nyingi za upasuaji zinaandikwa kwa dola huku michango midogo inakuja kwa faranga. Msivibadilishe ovyo. Mwaka 2025 dola ilishuka kutoka zaidi ya faranga 2,800 hadi chini ya 2,500 ndani ya wiki chache tu. Ulizeni kese inapokea kwa kiwango gani leo, mkilinganishe na cha wabadilishaji wa barabarani, ndipo muamue mtoe upande upi.

Kutuma ndani ya mtandao mmoja ndiko kusiko na mushkeli, kwa hiyo mtunza pesa awe na laini za mitandao yote mitatu, au angalau miwili. Na awe mtu mmoja. Dada mtu akipokea kwa M-Pesa, shemeji kwa Airtel na mtoto mkubwa kwa Orange, jioni hakuna atakayejua kimeingia nini. Wala asiwe mgonjwa mwenyewe. Mtu anayetoka kwenye usingizi wa operesheni hakumbuki namba ya siri, na simu yake iko mikononi mwa yeyote anayepita wodini.

Njia hii inakwama zaidi kwenye kutoa. Kabini ya mtaani (kibanda cha wakala wa pesa za simu) haina dola 300 saa moja ya magaribi, na Jumapili ni mbaya zaidi. Mwenye kabini atakupa 80, akutume kwa jirani, na huko ukatwe tena. Makato yanakwenda kwa ngazi, kwa hiyo kutoa vipande vipande mara nyingi kunazidi kutoa mara moja. Kiasi kikubwa kitoeni mchana wa siku ya kazi, kwenye duka lenyewe la mtandao au kwa wakala mkubwa wa mjini. Akaunti nayo ina kikomo kinachotegemea kitambulisho kilichosajiliwa. Mtunza pesa ajue kikomo chake kabla michango haijaanza kuingia, asije akakuta pesa zinagoma kuingia katikati ya zoezi.

Mkitoa dola, simameni pale pale dirishani mkague noti moja moja kwenye mwanga. Pembe iliyochanika hata kwa upana wa ukucha, wino, noti ya zamani: kese ya hospitali itaisukuma nyuma, na duka la dawa vilevile. Noti za dola moja moja nazo hazipokelewi kirahisi hapa mjini. Wakala hatabadilisha ukisharudi kesho.

Kuna utapeli wa aina mbili unaofuata kila mchango. Wa kwanza ni ujumbe wa uongo, unaofanana kabisa na wa mtandao, ukisema umepokea dola 100. Baada ya dakika mbili mtu anapiga simu akilia kwamba amekosea namba, arudishiwe. Msiamini SMS. Ingieni kwenye menyu, angalieni salio. Wa pili ni mjanja zaidi: mtu ananakili mwito wenu wa WhatsApp, anabadilisha namba tu, anausambaza. Dawa yake ni kuandika jina ambalo mtandao utalionyesha kabla ya kuthibitisha, ili mtumaji akiona jina lingine asimame hapo hapo.

Mwito unaofanya kazi ni mfupi, hauna picha ya kidonda wala ya mgonjwa akiwa uchi chini ya shuka, na unasema pesa imefika wapi. Mfano:

"Ba papa, ba mama, bandugu, jambo yenu wote. Mama Béa, muke wa Papa Trésor, walimupasula jana usiku, apendisiti ilipasuka. Sasa anapumua vizuri. Faktire ya ospitali ni dola 430. Tulishalipa 150, inabakia 280. Kese inatungoja mbele ya siku ya tano saa sita. Feza anapokea dada yake peke yake: M-Pesa namba hii, jina litatokea hivi, Airtel namba hii, jina lile lile. Ukituma, andika jina yako hapa mu groupe. Kila magaribi saa moja tutaandika mahesabu. Hata faranga elfu mbili ni musaada."

Ambatisheni picha ya proforma, mkifunika namba ya fishi (faili la mgonjwa) na anwani. Kadi ya mgonjwa msiiweke kabisa. Na yale mahesabu ya magaribi yaandikwe kweli, jina na kiasi, pamoja na picha ya risiti ya kese kila mnapolipa. Groupe iliyoona risiti ya kwanza inachangia kwa nguvu siku ya pili. Ambayo haikuona chochote inaanza minong'ono. Mchangiaji asiyependa jina lake litajwe aandikwe "ndugu mmoja", asibanwe.

Alama moja tumeipunguza kwa sababu ya makato ya kutoa na uhaba wa pesa kwenye kabini. Ikiwa hospitali inapokea malipo ya simu moja kwa moja, ulizeni namba yake rasmi kwenye kese yenyewe, iwe imebandikwa dirishani au imeandikwa kwenye faktire. Msipewe na mtu kwenye korido.

Western Union, MoneyGram na Ria: 3 kati ya 5

Kwa ndugu aliye Ubelgiji, Afrika Kusini au Zambia, pesa inaweza kufika siku hiyo hiyo. Kinachoichelewesha ni majina. Kadi zetu zina jina, jina la pili na la ubatizo. Ndugu wa Ulaya anaandika la ubatizo na moja tu kati ya yale mengine, tena anaweka herufi yake, na karani anakataa. Piga picha ya kadi ya mpokeaji, mtumie mtumaji peke yake, aandike vilevile, herufi kwa herufi. Namba ya siri ya Western Union ina tarakimu kumi. Ikikosekana moja mtasafiri bure.

Jambo jingine ni kadi ya uchaguzi ya 2023, ambayo wengi wanaitumia kama kitambulisho. Nyingi zimefifia wino mapema, na kadi isiyosomeka haitoi pesa. Mpokeaji awe mwenye pasipoti au kadi inayosomeka, na asiwe mgonjwa. Huduma kadhaa za kutuma kwa programu za simu zinapeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya pesa za simu, na kwa kiasi kidogo hiyo ni bora kuliko foleni, mradi kikomo cha akaunti kisizidiwe.

GoFundMe na wenzake: 2 kwa kese, 4 kwa kupona

Mtu aliye Lubumbashi hawezi kufungua kampeni ya GoFundMe na kutoa pesa katika benki ya Kongo. Nchi yetu haimo kwenye orodha yake. Lazima ndugu aliye katika nchi inayokubaliwa, kwa mfano Ubelgiji, Ufaransa au Marekani, aifungue kwa jina lake, na aeleze wazi kwamba anamchangishia nani, yuko wapi, na pesa itamfikia kwa njia gani. Akificha hilo, kampeni inaweza kusimamishwa ili ikaguliwe huku mgonjwa anangoja.

Baada ya kuthibitisha kitambulisho na kuomba pesa, benki inaipata baada ya siku za kazi mbili hadi tano, kisha bado kuna kuituma Kongo. Kosyo ya usiku haingoji hivyo. Kwa mwezi wa kupona, inafaa sana.

Tazameni makato. Marekani ni asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila mchango. Mchango wa dola 10 unakatwa karibu senti 59, yaani kama asilimia sita. Wa dola 100 unakatwa 3.20. Ndiyo maana ni vyema wafanyakazi wenzake ndugu huyo wa ng'ambo wakusanye mkononi, mmoja wao atume mara moja. Zaidi ya hapo kuna kitelezi cha bakshishi ya jukwaa, ambacho ni hiari. Mchangiaji anaweza kukirudisha sifuri, nanyi mwambieni, kwani wengi wanadhani ni lazima.

Wenye ndugu Johannesburg wanaweza kutazama BackaBuddy, jukwaa la Afrika Kusini. Nako msimamizi awe mkazi wa huko mwenye akaunti ya benki.

Mutuelle: 5 kwa aliyekwisha kuingia, sifuri kwa anayekuja leo

Mutuelle haimsajili mtu aliye kwenye kitanda cha upasuaji. Kwa kawaida kuna muda wa kungoja baada ya kulipa mchango wa kwanza, na nyingi zinataka nyumba nzima iandikishwe, kwani kila familia ikileta mgonjwa wake tu, sanduku linafilisika ndani ya mwaka. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ndiyo inayoweka misingi ya vyama hivi nchini.

Aliye ndani afanye mambo mawili usiku uleule: apeleke kadi kwenye kese kabla ya kulipa chochote, na aulize kama hospitali hiyo ina mkataba na mutuelle yake. Hospitali isiyo na mkataba inaweza kuwafanya watu wanyimwe malipo. Pia kuna kiasi ambacho mwanachama analipa mwenyewe, na dawa za nje mara nyingi hazimo. Walimu wa shule za serikali wana MESP, mutuelle yao ya afya. Waangalie kwenye karatasi ya malipo kama makato yanafanyika, kisha waulize ni hospitali zipi za mjini zinapokea.

Mwajiri: njia inayosahaulika

Watu wanazunguka na kopo la michango huku mgonjwa ana mkataba wa kazi. Sheria ya Kazi ya Kongo (Code du travail), ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri amgharimie mfanyakazi na familia yake matibabu, upasuaji na kulazwa. Mfanyakazi akiwa mgonjwa, mkataba unasimamishwa, hauvunjiki, na ana haki ya theluthi mbili za mshahara wake pamoja na posho za familia zote. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, haihusiki na ugonjwa wa kawaida kama apendisiti. Yake ni ajali za kazi, pensheni na posho za familia. Msipoteze siku kwenye foleni yake.

Utaratibu: cheti cha daktari kinachosema siku za kupumzika, kipelekwe haraka kwa nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa. Kisha faktire na risiti za bahasha ile. Wa kampuni ndogo za wakandarasi wa migodi mara nyingi wanaambiwa "wewe ni wa siku kwa siku". Aliyefanya kazi miezi mfululizo asikubali jibu hilo kwa mdomo. Apeleke kwa mkaguzi wa kazi.

Hospitali yenyewe, na Banque Lambert

Hospitali kubwa zina ofisi ya huduma za jamii. Watu wanaikumbuka siku ya kutoka, wakati imekwisha kuwa vita. Nendeni siku ya pili au ya tatu, mkiwa na risiti za mlicholipa, muombe kulipa kwa vipande kwa hati ya kukiri deni: kiasi, tarehe, sahihi, shahidi. Anayeonyesha amelipa nusu anasikilizwa tofauti na aliyekuja mikono mitupu.

Tarehe ya daktari kuandika "atoke" ni muhimu. Kitanda kinaendelea kuhesabiwa kila usiku mgonjwa anapozuiwa, na faktire inapanda bila matibabu yoyote mapya. Ombeni mapema hesabu ifungwe tarehe hiyo, na iandikwe. Kumfungia mtu wodini kwa sababu ya deni ni jambo lililozoeleka, lakini kifungu cha 17 cha Katiba kinalinda uhuru wa mtu, na deni la hospitali ni deni kama deni lolote. Sentensi hiyo, ikisemwa kwa adabu na mzee wa familia au padri wa parokia mbele ya mkurugenzi, mara nyingi inafungua mlango kuliko kelele za korido. Mkiacha kitu rehani, televisheni au simu, kiandikwe kwenye hati pamoja na tarehe ya kukikomboa. Kadi ya uchaguzi msiiache. Bila kitambulisho hamtoi pesa popote.

Banque Lambert tumeipa sifuri. Inatoa pesa ndani ya saa moja, hilo halina ubishi. Ila ukichukua 100 ukarudisha 150 mwisho wa mwezi, na mwezi huo ndio ule ambao mgonjwa hawezi kubeba hata ndoo, deni la pili linazaliwa kulipa la kwanza. Ikiwa pengo ni dola 80 usiku wa manane, mgeukieni kiongozi wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) mwombe kubadilishiwa zamu: mwenye zamu ya mwezi huu anachukua ya mgonjwa, mgonjwa anachukua yake sasa. Hakuna riba. Ombi lipelekwe na mwanachama mwenzake, si na mume wa mgonjwa, na zamu mpya iandikwe kwenye daftari mbele ya wote kabla pesa haijatoka.